Posa Yetu ya Nyakabuye na Yale Maji ya Moto

Nyinyi mliobaki Kamituga hamkosi kuniuliza, kila anapopita msafiri wa kwetu: huko Rwanda kuna nini cha kuona? Wazee wetu walituambia kuna maziwa na asali, na sisi tukaamini, maana mtoto aliyezaliwa kwenye mji wa machimbo, mwenye tope mpaka magotini, huamini lolote lililo tamu. Nimekaa Kamembe miaka kadhaa sasa, nauza viatu vya mitumba sokoni. Maziwa yapo, ukiwa na ng'ombe. Asali nimeionja mara moja, na ilikuwa na nyuki ndani. Lakini kiangazi kimoja nilitembea kweli, nikaona ziwa, kanisa la zamani, maji yanayochemka bila kuni na karamu ya posa, vyote kwa siku moja. Nitawasimulia kwa mpangilio. Msitarajie nijisifu, maana sikupata mahali pa kujisifia.

Sababu ya safari ilikuwa mdogo wangu Faustin. Mnamkumbuka, yule aliyekuwa anaogopa bata. Sasa ni seremala Gihundwe, na katika mkutano mmoja wa kwaya alimwona binti wa Nyakabuye, jina lake Imakulata, akaacha kula. Huku kiangazi ndicho msimu wa sherehe zote. Mvua ikishakatika na mtama ukishaingia ndani, watu wanaoana, watoto wanapata komunyo ya kwanza, mapadri wapya wanawekewa mikono, na kila kilima kina ngoma yake na vumbi lake. Posa ya Faustin ilipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Haikuweza kusogezwa, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyemtaka Imakulata: Bonifasi, mfanyabiashara wa mchele wa bonde la Bugarama, mwenye lori. Seremala mwenye randa moja hashindani na lori kwa kuchelewa. Imakulata mwenyewe alikuwa amemwambia Faustin waziwazi, "Musipokuya ile siku, mama atasikiliza bale bengine."

Mshenga wetu alikuwa awe mjomba Lazaro wa Bukavu. Baba, mnajua, tulimzika huko huko kwenu, na katika ukoo wetu mjomba Lazaro ndiye pekee anayejua maneno ya posa ya Kinyarwanda toka mwanzo mpaka mwisho. Mpango ulikuwa rahisi: yeye aseme, sisi tule. Wiki ile ile vita vikarudi upande wa Kongo, ng'ambo ya mto wa mpakani, daraja likafungwa, na mjomba akabaki upande wake na maneno yake yote. Kazi ikaniangukia mimi, kaka mkubwa. Ningeweza kumwuliza jirani yeyote jinsi mambo yanavyokwenda. Sikumwuliza mtu. Sisi tuliotoka Kongo tuna ugonjwa huo, tunajua kila kitu. Nilikwisha kukaa kwenye posa nyingi Kamituga, nanyi mnajua zinavyokwenda. Unasalimia, unakunywa, unataja shida yako, unatajiwa mbuzi, unalia, mbuzi wanapungua, mnakula. Wakikubali wanasema ndiyo, wakikataa wanasema hapana. Nikajiuliza kuna nini cha kujifunza hapo.

Asubuhi na mapema tulishuka kwanza Cyangugu, mji wa zamani ulio chini kabisa kando ya ziwa Kivu, kumchukua shangazi wa kuazima, maana ujumbe wa posa bila shangazi haukamiliki. Hapo ndipo penye vivutio, kama unapenda vitu vilivyokuwa vizuri zamani: nyumba za Wabelgiji zenye baraza pana zinazotazama maji, hoteli isiyo na milango, forodha yenye walinzi wengi na msafiri hata mmoja hayupo. Ng'ambo ni Bukavu, karibu kiasi kwamba unaona watu wanaanika nguo. Ziwa lenyewe ni zuri, sitalisema vibaya. Asubuhi hiyo lilikuwa limetulia, rangi ya samawati, halina habari na vita vya mtu.

Shangazi wa kuazima alikuwa Maman Jeanne, mwanamke wa kabila la Washi wa Bukavu, muuzaji wa sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu. Alivuka na ndoo zake siku moja auze arudi jioni, daraja likafungwa nyuma yake. Sasa analala kwa mwanakwaya mwenzetu, na kila kukicha anakwenda ufukweni kuikagua nyumba yake kwa macho.

"Ile ya bati nyekundu njo yangu," akanionyesha. "Minaona mpaka kamba ya nguo. Nguo haiko. Balishaiba."

"Labda baliingiza ndani, Maman."

"Nani aingize? Bwana yangu? Ule haingizake hata kiti, mvua inanyesha."

Akacheka sana, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimwonea huruma, nikajitia kutazama ndege wa majini mpaka alipomaliza.

Tulirudi Kamembe, na jua likianza kuchoma tulipakia kamioneti, gari dogo la mizigo tuliloazima kwa mtu wa kanisani: makreti ya bia na soda, wanakwaya wachache waliovaa makoti ili wafanane na wajomba, Maman Jeanne mbele kwa dereva, na Faustin ndani ya suti yangu, ambayo ilimzidi mabega lakini ikamwongezea heshima. Dereva alitwambia mapema kwamba atatushusha Nyakabuye kisha aendelee mpaka Ruhwa, kwenye mpaka wa Burundi, na kwamba namna ya kurudi tutajijua wenyewe. Tukaitikia kwa furaha. Mtu anayekwenda kula hafikirii kurudi.

Njiani, baada ya Gihundwe, kulikuwa na kizuizi cha jeshi. Askari kijana alichungulia nyuma ya gari, akatazama makreti.

"Munaenda wapi na bieri yote hii?"

"Kuposa, afande."

"Nani anaoa?"

Sote tukamwonyesha Faustin. Askari akamtazama kwa muda. "Huyu? Mbona anatetemeka? Huko mbele hakuna vita."

"Kuko mama mukwe," akajibu Maman Jeanne, na kamba ikashushwa.

Mibirizi tulisimama kwa sababu mimi nilitaka. Nilikuwa nimesikia kwamba misheni ile ni ya zamani sana na kwamba kahawa ya nchi hii ilianza kupandwa pale na mapadri wazungu. Katekista mmoja mwembamba alitutembeza. Alituonyesha ukuta wa matofali, akatuonyesha mibuni, akatwambia kwamba mapadri walileta vyote viwili, Mungu na kahawa. Nikamwuliza kipi kati ya hivyo kimewanyima watu usingizi zaidi. Hakucheka. Akatuingiza kanisani.

Ndani mlikuwa na baridi na viti vipya. Katekista alisimama katikati, akatwambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka ule wa mauaji watu walikimbilia humo, wengi, na kwamba wengi wao hawakutoka. Alisema tu, "Siku hizi tunasali hapa tena." Maman Jeanne, ambaye tangu Cyangugu hakuwa amefunga mdomo, alipiga magoti. Na mimi nilipiga. Nilijuta ule utani wangu wa kahawa.

Nyakabuye tulifika jua likiwa utosini. Nyumba ya akina Imakulata iko kwenye mteremko, na chini yake bonde la Bugarama linafunguka, tambarare, la kijani cha mpunga, lenye joto linalokupanda mpaka kifuani. Uani walikuwa wamefunga turubai la buluu la wakimbizi, lile ambalo miaka ile liliezeka nusu ya nchi, wakalipamba kwa majani ya migomba. Chini yake mabenchi yalitazamana, yao upande mmoja, yetu upande wa pili. Pombe ya mtama ilikuwa inanukia vizuri. Mlangoni alisimama mama yake Imakulata, Maman Verediana, mwanamke mkondefu, ameshika ncha za kitenge chake kwa mikono miwili. Imakulata mwenyewe hakuonekana. Anakaa ndani mpaka aitwe, hilo nililijua hata mimi.

Mshenga wao aliitwa Mzee Gaspari, kofia kichwani, fimbo mkononi. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya kwinini upande wa Bukavu, kwa hiyo alituheshimu kwa kusema Kiswahili chetu. Nyuma yake walikaa wanaume wachache wenye makoti ya kanisani. Hawakufanana hata kidogo, mmoja na mwingine. Niliona, nikapita.

Tulianza vizuri. Makreti yaliingizwa, yakapangwa mbele yao, watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikakohoa jinsi mjomba Lazaro anavyokohoa.

"Mzee, shiye tuko natafuta bibi ya mudogo wangu. Tulisikia kuko muntoto muzuri hapa, jina yake Imakulata."

Mzee Gaspari alikunja uso, akageuka kuwatazama wenzake, akarudi kwangu.

"Imakulata? Pole sana, bageni. Ule muntoto hayuko. Mulichelewa. Kuko bantu balibatangulia, balishamuchukua."

Nikamkumbuka Bonifasi.

"Balimuchukua na gari?" nikauliza.

Macho ya mzee yaling'aa. Kwa mtu anayetoa habari mbaya nilimwona amechangamka mno, lakini nikasema labda ndivyo walivyo wazee wa huku.

"Na gari kabisa!"

"Lori?"

"Lori! Lori mukubwa! Na vumbi yake hatujamaliza kupanguza!"

Wanaume wa nyuma wakacheka kwa sauti. Nanyi niambieni, ningefanya nini? Mtu ametwambia mbele ya watu kwamba binti amekwenda na lori, na wenzake wanacheka. Nikamshika Faustin mkono. Nikasema, "Aksanti, Mzee. Tulisikia." Nikaanza kutoka.

"Kama muntoto alishaenda," akapaza sauti Maman Jeanne, "bieri yetu inabakia kufanya nini? Munyanyue kreti!"

Basi tukanyanyua makreti. Wajomba wa kuazima wakayabeba mabegani, tukatoka tumeinua vichwa, heshima yote ya Kamituga ikiwa nyuma yetu. Ndani ya nyumba kitu kilianguka kikavunjika. Uani hakuna aliyetuita. Baadaye niliambiwa ni kwa nini: walidhani nacheza. Walidhani nimeuchukua mchezo wa posa na kuufikisha mahali ambapo hawajawahi kuuona ukifika, na walikaa pale wakinisifu, wakingoja turudi.

Chini ya kilima, mwendo mfupi kwa miguu, ndiko kwenye yale maji ya moto ambayo watu wanatoka mbali kuja kuyaona. Hatukuwa na gari, hatukuwa na mke, tulikuwa na bia. Nikasema angalau tuone kivutio. Na ni kivutio kweli. Maji yanatoka chini ya miamba myeupe ya chokaa, yanapiga mapovu, yanajaa kwenye bwawa la rangi ya majani machanga, na mvuke unakwenda juu polepole. Wagonjwa wa magoti na migongo walikuwa wamekaa ndani mpaka shingoni, wanatoa sauti za raha. Maman Jeanne aliingia na kitenge chake kifuani. Wajomba walivua makoti wakabaki na kaptula. Na mimi nikavua, nikaingia na chupa mkononi, na Mungu anisamehe, yale maji yalikuwa matamu.

Faustin alikataa kuingia. Alikaa kwenye jiwe, suti yangu mwilini, viatu vimejaa vumbi.

"Ingia kidogo," nikamwambia. "Banasema inaponesha."

"Kama nilikosa Imakulata, mayi ya moto itanisaidia nini?"

"Babinti ni bengi, mudogo wangu."

Alinitazama bila hasira, na hapo ndipo ilipouma. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta. Nilikuwa sijamwona akilia tangu siku tulipomzika baba. Nikaweka chupa ukingoni, nikakaa ndani ya maji yangu ya moto, nikajiona mjinga ingawa sikujua bado ujinga wenyewe uko wapi.

Baada ya kitambo hivi, tukamwona Mzee Gaspari anateremka, kofia mkononi, fimbo inamtangulia, anahema. Alisimama ukingoni akatutazama mmoja mmoja: shangazi, wajomba, mshenga, sote nusu uchi, makreti kando yetu, moja likiwa limekwisha kupungua sana.

"Munafanya nini mu mayi?"

"Tunaoga, Mzee."

"Na muntoto wetu?"

"Si ulisema hayuko? Ulisema alienda na lori."

Alitafuta jiwe, akakaa.

"Wewe ni mutoto wa nani?" akaniuliza. "Kila posa banakatala kwanza! Banasema hayuko, banasema alienda kuwa masera mu nyumba ya batawa, banasema alishaolewa. Halafu wewe unaomba, unabembeleza, tunakatala tena, tunacheka. Njo vile inafanyikaka. Hakuna muntu alikufundisha?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba baba alikufa Kamituga, kwamba mjomba mwenye maneno amefungiwa ng'ambo ya mto, kwamba yule shangazi ni muuza sambaza na wale wajomba ni waimbaji wa sauti ya nne. Nilitegemea atatukana. Alitikisa kichwa tu, akayatazama maji.

"Hata miye si mujomba yake," akasema. "Niko jirani. Bale banaume uliona, bote ni majirani. Baba yake, bajomba yake, bandugu yake, hakuna hata mumoja alibakia. Mama yake alizunguka mu milango akatuomba tukuye kukaa ku benchi. Ile maneno nilijifunza wiki muzima, nikiwa mu shamba, nasemea migomba. Na wakati uliniuliza habari ya lori nilifurahi! Nilisema, uyu muntu anajua."

Aliinua fimbo, akaelekeza kilimani.

"Sasa kule juu mama analia," akaendelea. "Anasema mulikimbia sababu muliona nyumba haina bantu. Anasema nani atachukua bibi mu nyumba haina bantu."

Ndugu zangu, nimepata aibu nyingi maishani, nyingine mnazijua. Ile ilikuwa nyingine kabisa. Mwanamke yule alihangaika mlango kwa mlango kukusanya wanaume wa kumkatalia mtu binti yake kwa heshima, na mimi nikabeba bia yangu nikaenda kuoga. Nilitoka majini haraka hata nikavaa shati la mjomba mwingine. Nilipomtafuta Faustin nimwombe msamaha, hakuwepo kwenye jiwe. Alikuwa amekwisha kufika nusu ya kilima, anakimbia, na mikono ya suti yangu inampepea.

Alasiri tulirudi uani. Nywele zinachuruzika maji, kaptula zinaloanisha suruali, kreti moja lina chupa tupu tulizozigeuza kichwa chini zisionekane. Faustin alikuwa amesimama karibu na turubai, hakuthubutu kuingia peke yake. Maman Verediana alikuwa amekaa kizingitini. Alituona, akasimama, akashika tena ncha za kitenge chake. Majirani walirudi kwenye benchi lao bila kuambiwa. Mzee Gaspari akavaa kofia, akakaa, akaweka fimbo magotini.

Nikasimama, nikasema upya kutoka mwanzo. Sikukohoa kwa mtindo wa mtu yeyote.

"Mzee, tuko natafuta bibi ya mudogo wangu. Jina yake Imakulata."

"Hayuko," akasema Mzee Gaspari.

Nikakaa chini.

Alingoja. Na mimi nikangoja. Pale palipaswa kuwa na maneno matamu ya kubembeleza, ya ng'ombe na mito na ukoo, ambayo mjomba Lazaro angeyamwaga. Sikuwa nayo.

"Nilisema hayuko. Unasikia?"

"Ninasikia, Mzee. Tutamungoya."

"Mutangoya mpaka wakati gani?"

"Mpaka atakuwako."

"Na kama giza inaingia?"

"Tutalala hapa hapa ku benchi," akadakia Maman Jeanne. "Miye nyumba yangu balishaifunga mbali, sina fasi ingine ya kuenda."

Watu wakacheka, na mzee pia, lakini hakukubali bado. Hapo desturi inamtaka ageuke nyuma na kuwauliza wakubwa wa ukoo kama watoe au wasitoe. Aligeuka. Aliwatazama majirani wake wenye makoti, akawapita. Akamtazama yule mama kizingitini.

"Maman Imakulata, tunabapatia?"

Mimi nadhani kumwuliza mama mbele ya watu si desturi. Maman Verediana alitutazama sote, maji yakitudondoka miguuni, akamtazama Faustin mwisho.

"Balirudia?" akauliza.

"Balirudia."

"Basi bapatie."

Vigelegele vilitoka ndani ya nyumba kabla vya nje havijaanza, na Imakulata akatoka bila kuitwa, akiwa ameshika kipande cha sahani aliyoivunja mchana. Mzee alimkemea kwamba hajaitwa bado. Hakuna aliyemsikiliza. Faustin alilia tena, na safari hii sikumwambia kitu. Tulikula wali wa Bugarama na maharage, tukacheza, Maman Jeanne akawafundisha majirani dansi ya Bukavu mpaka mmoja akakamatwa na kiuno, wakamwambia maji ya moto yapo chini. Hiyo ndiyo sherehe ya kiangazi niliyoiona. Nilichojifunza nakiandika hapa msije mkaaibika nanyi: huku ukiambiwa mtu hayupo, keti.

Jioni tulishuka barabarani kutafuta usafiri. Tulisimama mpaka miguu ikachoka. Lori moja likaja kutoka bondeni, limepakia magunia ya mchele, likasimama. Faustin akaninong'oneza, "Njo yeye." Tungelikataa kama kungekuwa na lingine. Wajomba na Faustin walipanda juu ya magunia, Maman Jeanne na mimi tukaitwa kibandani kwa dereva.

Bonifasi alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, mstari wa nywele umenyooka. Hakuniuliza jina. Aliliondoa lori, tukaanza kupanda milima, na alipokwisha kubadilisha gia mara kadhaa akauliza macho yakiwa mbele:

"Mulitoka kule kwa Maman Verediana?"

"Ndiyo."

"Balisema aje?"

Niliwaza kwamba usiku unakuja, na kwamba Kamembe ni mbali, na kwamba lori ni la kwake. Nikachagua jibu ambalo halikuwa uongo.

"Balikatala."

Akapunguza mwendo. Nilijua sasa atafurahi, na nilikuwa tayari kumwachia afurahi mpaka nyumbani.

"Balikatala mara ngapi?"

"Mara mbili."

Tulipita kona moja, tukapita ya pili, Maman Jeanne amejitia kusinzia. Kijana yule alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Miye nilituma bantu mara tatu," akasema. "Kila mara banabakaribisha vizuri. Banabapatia kiti, banabapatia pombe. Banasema ndiyo, tutaona. Ndiyo, ndiyo. Hakuna siku hata moja bale bantu balinikatalia."

Yeye hakuhitaji kufundishwa maana ya kukataliwa. Akawasha taa za lori, maana giza lilikuwa linaingia, akatufikisha Kamembe.